Kila Mlango Una Hodi Yake
Mazungumzo ya Nchi Jirani, kwa askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Kigali hufika Rusumo, pale ambapo mto Kagera huporomoka kwa kishindo karibu na daraja, akiwa amekwenda upande wa kushoto wa barabara kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Akishalivuka daraja hilo, ambalo marais wa nchi hizo mbili walilifungua rasmi mwaka 2016, hulazimika kuhamia upande wa kulia. Saa yake ya mkononi nayo huwa imetangulia: kama yeye anasoma saa tatu asubuhi, mwenyeji wake anasoma saa mbili. Na ikiwa siku yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, dereva huyo hukutana na jambo la tatu lililo kubwa kuliko hayo mawili. Maduka yamefungwa, barabara ni tupu, na watu wazima kwa vijana wametoka majumbani na majembe, mapanga na mafagio. Mgeni hujiuliza: je, kuna msiba? Kuna hatari? Au ni amri ya kijeshi?

Hakuna msiba, wala hatari, wala amri ya kijeshi. Mambo yote matatu ni ya kawaida kabisa kwa Mnyarwanda, na kila moja lina sababu yake.

Upande wa barabara ni urithi wa ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Mwingereza huendesha gari kushoto, Mbelgiji huendesha kulia. Wakoloni walipoondoka, desturi zao za barabarani zilibaki. Ndiyo maana magari ya Kenya, Uganda, Zambia na Malawi hupita kushoto kama ya Tanzania, lakini yale ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Tofauti ya saa nayo ni mpango wa kugawanya dunia kufuata jua lichomozavyo, kwa kuwa jua hufika pwani ya Bahari ya Hindi kabla ya kufika kwenye milima ya Rwanda. Lakini hata hapo undugu haukupotea. Mnyarwanda naye huihesabu siku tangu mapambazuko kama Mswahili, na saa aiitayo "saa mbiri" ya asubuhi ndiyo saa mbili ya Mtanzania, ila huifikia baada ya mwenziwe.

Kwa mfanya biashara, kutoielewa desturi ya jirani ni hasara ya saa chache, au kichekesho cha kwenda kusimulia nyumbani. Kwa askari sivyo ilivyo. Askari ana bunduki begani, au ana pingu kiunoni na mamlaka ya kumzuia mtu asipite. Akiisoma vibaya ishara ya mwenyeji, akaichukua heshima kuwa ni dharau, au mkusanyiko wa kazi kuwa ni fujo, kosa lake haliishii kwenye kicheko. Laweza kumalizikia hospitali, na pengine kaburini. Wahenga walisema kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mwenye silaha, kujikwaa macho ni kubaya zaidi. Hii ndiyo sababu desturi za nchi jirani ni somo la askari sawasawa na shabaha na ukaguzi wa magari.

Jambo hili linafaa kuangaliwa kwa kuanza na ile Jumamosi ya Rwanda.

Kazi ile huitwa umuganda. Hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kila mwananchi mwenye afya, tangu umri wa miaka 18 hadi 65, hutakiwa kushiriki. Watu husafisha mitaro, hutengeneza barabara za vijiji, hupanda miti, huchimba makinga maji kwenye milima, na huwajengea nyumba wasiojiweza. Kazi ikiisha hukaa kikao, na hapo mambo ya mtaa huzungumzwa, pamoja na usalama wake. Wakati wa kazi polisi huwa barabarani, nao huweza kumsimamisha mpita njia na kumwuliza anakokwenda. Mgeni asiyejua huona kuwa ameonewa. Ajuaye hutoa maelezo yake kwa adabu, na pengine hushuka akashika jembe.

Mtanzania mwenye umri mkubwa hatashangazwa mno na habari hiyo. Atakumbuka siku za kujitegemea, za mashamba ya vijiji na madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Lakini asiharakishe kusema kuwa umuganda na msaragambo ni kitu kimoja, kwani umuganda una historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni nzito.

Kusaidiana kazi ni desturi ya kale ya Wanyarwanda. Mwaka 1974 serikali ya wakati ule iliifanya kuwa kazi ya lazima ya taifa. Miaka ishirini baadaye, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waliopanga maangamizi ya Watutsi waliiteka hata lugha ya kazi. Kuua kuliitwa kufanya kazi. Wanakijiji waliozoea kuitwa pamoja na zana zao za shamba waliitwa tena pamoja na zana zilezile, lakini safari hii mwito ulikuwa wa kuwaua majirani zao. Baada ya maangamizi hayo desturi hiyo ilirudishwa ikiwa na sura mpya, na mwaka 2007 ikawekewa sheria. Kwa hiyo Mnyarwanda anapoinua jembe Jumamosi asubuhi, palipo na kumbukumbu ya damu anajaribu kurudisha maana njema ya neno la wazee wake. Mgeni afanyaye mzaha juu ya kazi hiyo hajui anakanyaga wapi.

Askari wa Tanzania walioko mpakani wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa takriban siku moja. Mama aliyebeba mtoto alipita, mzee aliyebeba mkeka alipita, na katikati yao walipita watu waliokuwa na damu mikononi. Mpakani hapo yalikusanywa marundo ya mapanga. Panga ni chombo cha mkulima. Mnyarwanda hulichukua kwenda shambani kama Mtanzania alichukuavyo, na siku ya kawaida askari hana haja ya kumtilia shaka alibebaye. Siku ile haikuwa ya kawaida. Kujua desturi, basi, si kukariri tu kwamba jambo fulani hufanywa hivi au vile. Ni kujua lifanyikapo kwa kawaida lina sura gani, ili siku sura hiyo ikibadilika, askari awe wa kwanza kutambua.

Ndugu wasikilizaji,

Katika nchi hizo mbili za Rwanda na Burundi kuna desturi nyingine ndogondogo ambazo mgeni huzikosea. Mtu anayetembea barabarani huku anatafuna muhindi au andazi hutazamwa kwa mshangao, maana kula ni jambo la ndani, la watu waliokaa. Hapa nchini mtu hununua muhindi wa kuchoma kituoni akautafuna hadi anakoshukia, wala hakuna amtazamaye. Tena, mwenyeji amkaribishapo mgeni kinywaji cha kienyeji, hunywa yeye kwanza. Mgeni asiyejua husema moyoni, "Huyu ana uroho gani, kujitangulia mbele ya mgeni?" Kumbe mwenyeji anaonja ili mgeni aone kuwa chombo hakina sumu. Ni dhamana ya uhai, aitoayo mwenyeji kwa kinywa chake mwenyewe. Kuna pia salamu ya wazee, "amashyo", ambayo kwayo mtu humwombea mwenziwe makundi ya ng'ombe. Naye mwenziwe humrudishia kwa kumwombea ng'ombe majike, wenye kuzaa. Katika nchi ambamo ng'ombe alikuwa mahari, urafiki na cheo, hakuna dua iliyo kubwa kuliko hiyo.

Burundi nako kuna ngoma. Kwa Kirundi neno "ingoma" ni ngoma yenyewe, na ni ufalme vilevile. Zamani ngoma kubwa hazikuwa za kuchezewa ovyo. Zilipigwa kwa ajili ya mfalme, katika kutawazwa kwake na katika sherehe ya kupanda mtama. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuzipigia katika shughuli rasmi kwa kibali, na kuwazuia wanawake wasizipige. Mtu wa nje aweza kukubaliana na amri hiyo au asikubaliane nayo. Lakini askari aliyealikwa huko hana ruhusa ya kuikamata fimbo na kuipiga ngoma kwa furaha yake kama angefanya kwao Bagamoyo. Kwake ni ngoma. Kwa mwenyeji wake ni nembo ya dola.

Sasa na ivukwe mipaka ya kaskazini, kwenda Uganda.

Mtu afikaye Buganda kwa mara ya kwanza huona mwanamke msomi, pengine mwenye cheo ofisini, akipiga magoti chini kumwamkia mzee wa kijijini kwake. Mhaya wa Bukoba hatashangaa, kwa kuwa desturi hiyo aijua nyumbani. Lakini kijana wa mjini kutoka Nairobi au Dar es Salaam huweza kudhani kuwa mama yule ameanguka, au anaomba radhi kwa kosa. Wapo wanawake wa Uganda wenyewe wanaoijadili desturi hiyo na kuuliza kama bado inafaa. Mjadala huo ni wao. Mgeni aliyepigiwa magoti apokee salamu kwa utulivu, asimwinue mtu kwa kumvuta mkono, wala asicheke.

Kuna salamu nyingine ya Baganda ambayo askari wote wangefurahi kuijua. Mtu akipita karibu na mwenziwe anayefanya kazi, hata kama hamjui na hata kama kazi hiyo haimhusu, humwambia "gyebale ko". Ni kumshukuru kwa kazi afanyayo. Mlinzi aliyesimama langoni usiku kucha huambiwa hivyo na mpita njia asiyejua hata jina lake. Mgeni hujiuliza, "Ananishukuru kwa lipi, nami sijamtendea kitu?" Jibu ni kwamb kwa Muganda, mtu afanyaye kazi yake vema amekwisha kuwatendea watu wote jambo.

Hata hivyo, lililo zito zaidi huko Uganda kwa askari wa Tanzania ni lugha yake mwenyewe.

Mtanzania hukua akijua kuwa Kiswahili ni lugha ya adabu. Ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja, na ndani yake mna "hodi", "shikamoo", "pole" na "karibu". Basi hushangaa afikapo Uganda, akazungumza Kiswahili chake laini, na kumwona mwanamke mzee anarudi nyuma hatua moja. Amemkosea nini?

Hakumkosea kitu. Bali mwanamke huyo ana kumbukumbu. Tangu enzi za jeshi la wakoloni la King's African Rifles, Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia ya kambi: kilikuwa lugha ya gwaride na amri. Viongozi wa Buganda walikipinga kisiwe lugha ya nchi tangu wakati wa Waingereza. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika utawala wake watu wengi walikisikia Kiswahili usiku, mlangoni, kutoka kwa watu wenye bunduki. Kwa Mtanzania neno "fungua" ni neno la kawaida. Kwa mwananchi wa Kampala wa mwaka 1975 lilikuwa neno la kumkausha mate.

Mwezi wa Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala. Askari waliokuwa wakiongea lugha ileile iliyoogopwa walikuwa ndio waliomwondoa mtawala aliyeogopwa. Waganda wakawapa askari hao jina ambalo wazee wanalikumbuka hadi leo: waliwaita "Bakombozi". Ni neno la Kiswahili, wakombozi, lililovikwa kiambishi cha Kiganda. Neno moja tu, lakini laonyesha kuwa lugha hupimwa kwa mwenendo wa aisemaye. Kilichokuwa kimechafuliwa na askari mmoja kilianza kusafishwa na askari mwingine.

Kazi hiyo ya kusafisha haikuisha kwa siku moja. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, uamuzi wa serikali hauwezi kufuta kumbukumbu ya bibi mzee. Kumbukumbu hiyo hufutwa na askari atakayemsalimu kwanza, akasubiri ajibiwe, ndipo aseme haja yake.

Na ajabu ya mambo ni hii: mtu akitoka Uganda na kuingia mashariki mwa Kongo, habari hiyohiyo hugeuka juu chini. Huko Kivu na Katanga, Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya mama jikoni. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lugha ya jeshi huko, tangu enzi za jeshi la Wabelgiji lililoitwa Force Publique, ni Kilingala. Kwa hiyo mwananchi wa Goma au Beni asikiaye Kilingala kizuizini hujua kuwa amekutana na askari, na asikiaye Kiswahili hudhani kuwa amekutana na jirani. Lakini akienda Kinshasa mambo hubadilika tena, kwa maana huko wengi walikisikia Kiswahili kwa wingi mwaka 1997, majeshi ya Laurent Kabila yalipoingia mjini kutoka mashariki.

Watanzania waliopelekwa Kongo kuanzia mwaka 2013, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, walikwenda na silaha hiyo isiyoandikwa katika orodha ya ghala: waliweza kumwelewa mama wa kijijini bila mkalimani. Wapo waliolala huko. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wa Tanzania waliuawa kambini kwao Semuliki, Kivu ya Kaskazini, wakilinda watu wasio wao kwa nasaba. Heshima yao ni sababu nyingine ya kutolifanyia mzaha somo hili, kwa kuwa mlinzi wa amani hutegemea mno habari anazopewa na wananchi, na mwananchi hampi habari mtu aliyemdharau.

Hata hivyo, Kiswahili kimoja hakimaanishi desturi moja. Mwanamume wa Kongo akikutana na rafiki yake humgusisha kichwa, upande huu na upande ule wa paji la uso. Mgeni aliyezoea kushikana mikono huweza kurudi nyuma akidhani anapigwa. Na bendera ya taifa ipandishwapo au ishushwapo mbele ya majengo ya serikali, watu husimama na magari husimama, hadi filimbi ilie tena. Watalii wa Ulaya waliokuwa wakijiendea zao wamejikuta wakifokewa bila kujua kosa. Mtanzania hatapotea hapo. Yeye mwenyewe tangu utoto amefundishwa kusimama wima apitapo karibu na kituo cha polisi au kambi ya jeshi, jua likiwa linazama na bendera inashuka. Aliyopanda mlimani na ziwani kuitafuta amekuta ni yake.

Kusini nako kuna mafunzo. Katika Zambia na Malawi mtu hupiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, anapomwamkia mkubwa au anapopokea kitu. Mara nyingi hukunja na magoti. Asiyejua hudhani anapigiwa makofi ya dhihaka. Huko Malawi neno "zikomo" hutumika kushukuru, kuomba njia na kuitikia, hata mgeni akadhani kuwa nchi nzima inamshukuru. Na katika Zambia, Mbemba na Mngoni hutukanana hadharani, hata kwenye msiba, kisha wakala pamoja. Hao ni watani. Mababu zao walipigana vita katika karne ya 19, na wajukuu wakaugeuza uhasama ule kuwa mzaha. Polisi mgeni angewatia wote wawili ndani kwa kosa la kuvunja amani, kumbe wao ndio wanaoijenga.

Hapo ndipo Mtanzania anapopaswa kujitazama. Kwani utani huo si wa Zambia peke yake. Hapa nchini mtani huingia msibani, akajilaza mahali pa maiti, akadai fedha, akaiga sauti ya marehemu, na wafiwa wenye machozi wakacheka. Mtu kutoka nchi za mbali akiliona hilo huweza kuondoka akiamini kuwa Watanzania hawana huruma. Mgeni huyohuyo huambiwa aje saa mbili, akafika saa mbili za kwao, na kumkuta mwenyeji amekwisha choka kumngoja. Huona mtu amesimama nje ya mlango ulio wazi akiita "hodi, hodi", haingii, naye hajui kwa nini. Huona kijana akimwamkia mwanamke asiyemfahamu "shikamoo, mama", akashangaa kuwa yule ni mamaye kivipi. Mambo yote hayo Watanzania huyafanya bila kufikiri. Ajabu ya mtu haionekani na mwenyewe, kama kisogo.

Ndugu wasikilizaji,

Kuheshimu desturi si kufumbia macho uhalifu. Mila haiwezi kuwa ngao ya mtu avushaye silaha mpakani, amwuzaye mtoto, au amwuaye mzee kwa kumsingizia uchawi. Sheria ni sheria, na askari ameapa kuilinda. Lakini askari aijuaye desturi ndiye amtambuaye mhalifu upesi, kwa sababu hapotezi nguvu zake kwa kuwakamata wasio na hatia. Anayejua kwamba watu wa mahali fulani hukusanyika Jumamosi na mapanga hatawasumbua siku hiyo. Na wakikusanyika Jumanne usiku, atajua kuwa kuna jambo.

Njia ya kujifunza haina gharama. Askari apelekwaye mpakani, au nje ya nchi, amtafute mwenyeji mmoja mwenye umri na busara, amwulize mambo manne: hapa watu husalimianaje, hula na kunywa vipi, humheshimu nani na kwa ishara gani, na ni neno lipi au tendo lipi linalowakumbusha mabaya? Swali la nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Bibi wa Kampala hangerudi nyuma bure, wala Mnyarwanda hangekunja uso bure kwa mzaha juu ya umuganda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kila nchi iingiapo huja na salamu zake, na mara nyingi mtu wa kwanza wa nchi nyingine anayekutana na mgeni ni askari mwenye sare mpakani. Kwa mgeni huyo, sura ya askari ndiyo sura ya Tanzania nzima hadi atakapofika mjini.

Kila mlango una hodi yake. Mlango mmoja hugongwa, mwingine huitiwa kwa mbali, mwingine hupigiwa makofi. Raia akikosea hodi huambiwa arudi akaanze upya. Askari, kwa sababu ya silaha aliyonayo, aweza kuingia bila hodi yoyote, na hakuna atakayemzuia. Hiyo ndiyo sababu inayomtaka yeye, kuliko mtu mwingine yeyote, asimame kwanza nje, na aulize.